Uchambuzi wa kisa: madoa meupe yalipotea yenyewe, watu wakashangilia, kisha yakarudi na kuua

Kisa hiki ni cha mfugaji mmoja wa samaki wa maji chumvi, tutamwita Mwenye Tangi na basi, majina na mambo mengine ya kumtambulisha nimeyatoa na mwenyewe ameridhia kiandikwe. Mimi niliingia katikati, baada ya samaki wa kwanza kufa, tukawa tunaandikiana karibu kila siku mpaka mambo yakatulia. Nakiandika kirefu manake kina karibu kila kitu ambacho watu hukosea kuhusu karantini, yaani lile tangi la pembeni la kumtenga samaki mpya au mgonjwa, hata wale ambao karantini wanayo.

## Hali ilivyokuwa kabla

Tangi la lita kama 400, limekaa zaidi ya mwaka bila ugonjwa wowote. Ndani kulikuwa na klauni wawili, kangaja wa njano, kitatange mdogo wa jamii ya Centropyge, na gobi mmoja mdogo ambaye alikuwa hajaonekana wiki nyingi tu na kila mtu alishamhesabu marehemu (huyu mkumbuke). Juu ya hao kuna matumbawe, konokono, kamba wasafishaji wawili, mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na vijidudu ndani yake) ya kutosha na mchanga chini. Joto nyuzi 25 hadi 26, uzito wa maji ya chumvi 1.025 ukilinganisha na maji matupu, maji yamepimwa na yako sawa. Kwa kifupi tangi la mtu anayejali.

Karantini hakuwa nayo. Utaratibu wake ulikuwa kumwangalia samaki kabla ya kununua, akimwona anakula, macho maangavu, mapezi mazima, anamchukua, anamzoesha maji taratibu halafu anamwachia ndani. Na kwa zaidi ya mwaka ilimfanyia kazi, hapo ndo shida inapoanzia, bahati ikikaa na wewe muda mrefu unaanza kuiita ujuzi.

## Mambo yalivyokwenda

Akaongeza kangaja wa bluu, yule Paracanthurus hepatus ambaye kila mtu anamtaka. Familia ya kangaja karibu siku zote ndo ya kwanza kuonyesha madoa meupe, kwa hiyo kumleta bila karantini kwenye tangi lenye kangaja mwingine ni kucheza kamari mara mbili. Hata wiki haikuisha, mgeni akaanza kujisugua kwenye mawe, anapita kwa kasi anajigonga ubavu halafu anageuka. Kesho yake madoa yakatokea, meupe, yameinuka kidogo, kama punje za chumvi, machache tu kwenye mapezi na ubavuni.

Mwenye Tangi akafanya wanachofanya wengi. Akaloweka chakula kwenye juisi ya vitunguu saumu, akapandisha joto kidogo, akaongeza kamba msafishaji wa tatu. Siku nne hivi zikapita na madoa yakaisha yote, samaki yuko safi kabisa, anakula, hajisugui tena. Akawaambia wenzake dawa ameipata.

Hapa inabidi tusimame kidogo, manake kama kuna sehemu moja ya kushika kwenye kisa kizima ni hii. Madoa meupe ya maji chumvi yanaletwa na kimelea kinaitwa Cryptocaryon irritans. Lile doa unaloliona ni kimelea kimejichimbia chini ya ngozi kinakula, na kinakaa hapo siku kama tatu hadi saba tu. Kikishiba kinatoka chenyewe, mara nyingi usiku, kinashuka chini kinajibandika kwenye jiwe au mchanga au gamba la konokono na kujifunika na kifuko kigumu. Ndani ya kile kifuko kinagawanyika, na kikipasuka vinatoka vitoto vinavyoogelea, mamia kwa kifuko kimoja, vikitafuta samaki. Vikikosa samaki kwa siku moja au mbili vinakufa. Na vinapenda kutoka wakati wa giza, saa ambazo samaki amelala kimya kajibana kwenye mawe, yaani pale pale vifuko vilipo.

Kwa hiyo madoa yakiisha siku ya nne hakuna aliyepona. Vimelea vimemaliza kula, vimeondoka mezani, viko chini vinazaana. Vitunguu saumu vingekuwa maji matupu matokeo yangekuwa yale yale, na joto la juu linachofanya zaidi ni kuharakisha huo mzunguko. Kamba msafishaji naye anaokota vitu juu ya ngozi, kilichojichimbia chini ya ngozi hakifikii. Ndo maana dawa za kienyeji za ugonjwa huu zina sifa nzuri sana, mtu anaipa siku nne halafu madoa yanaisha kweli, nani atambishia?

Wiki mbili hivi baadaye yakarudi, na safari hii kwa samaki wote. Klauni wana madoa, kitatange ana madoa, kangaja wa bluu hata kumhesabu huwezi. Ila aliyekuwa na hali mbaya zaidi alikuwa kangaja wa njano ambaye madoa mwilini alikuwa nayo machache, yeye alikuwa amesimama kwenye mdomo wa pampu ya mkondo, mdomo wazi, matamvua yanapiga haraka haraka, chakula hakitaki. Asubuhi yake akakutwa amekufa. Vimelea vilikuwa vimejaa kwenye matamvua ambako huwezi kuviona kwa macho, na samaki anakufa kwa kukosa pumzi huku ngozi inaonekana nzuri tu.

Hapo ndo akanitafuta.

## Maamuzi, na kwa nini

Wazo lake la kwanza lilikuwa kumwaga dawa ya kopa, yaani shaba, moja kwa moja kwenye tangi kubwa. Nikamwambia asithubutu. Kopa inaua kamba, konokono na matumbawe, halafu mawe na mchanga vinainyonya, kwa hiyo kipimo hakitulii kamwe na baadaye hujui kitakachovuja kutoka kwenye mawe hayo ukitaka kurudisha kamba. Uamuzi ukawa kuwatoa samaki wote, hata wanaoonekana wazima, wakatibiwe kwenye tangi la pembeni, na tangi kubwa libaki bila samaki mpaka vimelea vife kwa njaa.

Dawa gani sasa. Njia zilizokuwa mezani zilikuwa tatu. Kushusha chumvi mpaka uzito wa maji uwe 1.009 na kukaa hapo karibu mwezi, inaua Cryptocaryon na haina sumu. Kuhamisha samaki kutoka chombo kimoja kwenda kingine kisafi kikavu kila baada ya saa 72, ili kimelea kikidondoka na kujifunika kiachwe nyuma kabla hakijapasuka. Na kopa.

Kilichoamua ni yule kangaja aliyekufa. Kusimama kwenye mkondo, kupumua kwa kasi na kufa ghafla, hizo dalili ni za velveti pia, ugonjwa wa kimelea kingine kiitwacho Amyloodinium, ambao vumbi lake ni jembamba sana na mara nyingi inamaliza samaki ndani ya siku chache kabla hujaona kitu. Madoa tuliyoyaona yalikuwa ya Cryptocaryon bila ubishi, lakini hatukuwa na hadubini na hakuna aliyeweza kuapa kwamba velveti haipo. Kushusha chumvi hakuui velveti. Kuhamisha kila saa 72 nako kumepangwa kwa mzunguko wa madoa meupe tu. Kopa inashika yote mawili. Ukiwa hujui adui ni yupi chagua silaha inayowafikia wote wawili, hata kama ni kali zaidi.

Ubaya wake tuliujua, vitatange wadogo wa Centropyge hawaivumilii kopa vizuri. Tukasema tutapandisha taratibu kwa siku nne badala ya kumwaga dozi yote siku moja, na tukachagua ile kopa iliyofungwa, yaani iliyoshikwa na kemikali nyingine, ambayo samaki huivumilia zaidi, kipimo chake cha tiba kikiwa kati ya miligramu 2 na 2.5 kwa lita kama mtengenezaji alivyoandika. Angalia hapo usichanganye, kopa ya kawaida isiyofungwa kipimo chake ni 0.15 hadi 0.20 hivi, mtu akichukua namba ya huku akaitumia kule anaua tangi zima kwa jioni moja. Na kifaa cha kupimia kiendane na aina ya kopa uliyonayo, vingine haviisomi vizuri ile iliyofungwa.

Tangi la karantini lilikuwa beseni kubwa la plastiki, lita kama 100, lenye hita, filta ya sponji, pampu ya hewa na vipande vya bomba la plastiki vya samaki kujificha. Hakuna jiwe, hakuna mchanga. Kuwakamata samaki kulimlazimu atoe nusu ya mawe. Akawahesabu, kangaja wa bluu, klauni wawili, kitatange, wako wote.

## Karantini yenyewe ilivyotaka kuua

Siku mbili za kwanza shwari. Kuanzia siku ya tatu samaki wakaanza kupumua kwa kasi, wamepanda juu. Mwenye Tangi akaona ugonjwa unazidi, akataka kuongeza kopa. Nikamuuliza amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, inasoma ngapi, akawa hajapima. Alipopima rangi ilikuwa kijani ya kukolea.

Sababu ni nyepesi tu. Sponji ilikuwa mpya, imetoka kwenye boksi, bakteria wa kula amonia hawamo. Akamwagia chupa ya bakteria akidhani inatosha, lakini samaki wanne, wawili kati yao wakubwa kiasi, kwenye lita 100, na chakula alikuwa anawapa kingi kwa huruma ili wapate nguvu, na kopa yenyewe inawadumaza hao bakteria. Beseni likawa choo.

Akashika chupa ya kile kimiminika cha kufunga amonia, akanipigia kuuliza kofia ngapi. Bahati nzuri aliuliza. Dawa hizo nyingi zinabadilisha kopa iliyomo majini ikawa ya umbo lenye sumu kali zaidi, ukizichanganya unaweza kuwakuta wamelala wote. Kilichobaki ni kubadilisha maji, nusu ya beseni asubuhi na robo jioni, na maji mapya lazima yawekewe kopa kwanza kwa kipimo kile kile kabla hayajaingia, la sivyo kila ukibadilisha unaishusha dawa chini ya kiwango cha tiba na vile vitoto vinapita.

Na ndicho kilichotokea. Mara ya kwanza, kwa haraka na hofu, akabadilisha kwa maji yasiyo na kopa, kipimo kikashuka hadi 1 na kitu. Hesabu ya siku za tiba tukaianza upya. Kitatange mdogo akafa siku iliyofuata. Mpaka leo siwezi kusema kwa uhakika ni kopa au ni amonia, nahisi vyote vilisaidiana, ila wale watatu wagumu waliobaki walitulia amonia iliposhuka, na hilo linanielekeza zaidi kwenye amonia.

Baada ya hapo akapata utaratibu, kupima amonia na kopa kila siku, kulisha kidogo, kunyonya mabaki kwa mpira baada ya saa moja. Siku 30 mfululizo kwenye kipimo cha tiba bila kushuka. Wapo wanaofanya siku 14 kisha kuwahamishia samaki kwenye chombo kingine kisafi kabisa, nayo inafanya kazi, lakini yeye hakuwa na seti ya pili ya vifaa.

## Madoa yameisha, bado anajisugua

Kopa imetolewa kwa kaboni (makaa ya filta) na kubadilisha maji, samaki wako safi, wanakula, lakini kangaja wa bluu anajisugua. Mara moja moja, na jicho moja lina ukungu kidogo. Mwenye Tangi akakata tamaa akasema kopa imeshindwa.

Nikamwambia amwogeshe kwenye maji baridi, namaanisha maji yasiyo na chumvi, yenye joto na pH sawa na ya beseni, yamepigwa hewa vizuri kwanza, dakika tano, amsimamie asitoke machoni. Dakika ya pili akanitumia picha ya chini ya ndoo, vitu vidogo bapa, vyeupe, vya milimita mbili tatu, vimetapakaa. Minyoo bapa ya ngozi, jamii ya Neobenedenia. Inapokuwa juu ya samaki inapitisha mwanga huioni, maji yasiyo na chumvi yanaifanya igeuke nyeupe na kudondoka. Kopa hii minyoo haiigusi kabisa. Ikabidi prazikwanteli, dawa ya minyoo, dozi mbili zilizopishana karibu wiki, manake mayai hayafi kwa dawa na dozi ya pili ndo inawakuta walioanguliwa.

Huyu samaki alikuja na magonjwa mawili, na ya pili ilijificha nyuma ya ya kwanza muda wote. Ni kawaida sana kuliko watu wanavyodhani.

## Gobi

Tangi kubwa lilitakiwa kukaa bila samaki siku 76. Hiyo namba wafugaji wengi wanaishika kwa sababu vifuko vya Cryptocaryon vimewahi kurekodiwa vikipasuka hadi siku ya 72, ukaongeza chache za usalama. Wiki ya tatu hivi, usiku, Mwenye Tangi anawatupia kamba chakula akimulika na tochi, anaona jicho chini ya jiwe. Gobi. Yule marehemu.

Aliniandikia "lakini hana doa hata moja, si tuendelee tu?" Hapana. Samaki aliyewahi kuugua na kupona hujijengea kinga ya muda, anaweza kubeba vimelea viwili vitatu kwenye matamvua vinavyozunguka polepole miezi na miezi bila dalili, na samaki mmoja anatosha kuwaweka hai. Hesabu ya siku inaanza siku samaki wa mwisho anapotoka, na wa mwisho alikuwa bado yumo.

Kumkamata ndo ilikuwa kazi. Nyavu hakuna. Akakata chupa ya plastiki sehemu ya shingo, akaigeuza ikaingia ndani kama domo la mgono, akaweka kipande cha chaza ndani na kuilaza pembeni ya lile jiwe taa zikiwa zimezimwa. Usiku wa kwanza akamkuta kamba ndani kashiba. Usiku wa tatu gobi. Akapitishwa kopa peke yake kwenye chombo kidogo, na siku 76 zikaanza moja. Samaki wengine wakakaa kwenye beseni muda wote huo wa ziada, kwa kubadilishiwa maji mara mbili kwa wiki, na ndoo na nyavu za beseni hazikukanyaga karibu na tangi kubwa.

## Matokeo

Waliorudi ni kangaja wa bluu, klauni wawili na gobi. Waliokufa ni kangaja wa njano na kitatange. Matumbawe, konokono na kamba hawakuguswa. Zaidi ya nusu mwaka umepita tangu warudi, hakuna doa, hakuna kujisugua, hata kangaja alipofukuzwa fukuzwa na klauni akapata msongo, hali ambayo kwenye tangi lenye vimelea vya siri huwa inavifumua.

## Uchambuzi

Kilichookoa ni kuwatoa wote na kuliacha tangi tupu. Kopa bila hilo isingefaa kitu, ungewatibu vizuri sana halafu ukawarudisha kwenye mawe yaliyojaa vifuko. Watu wanaongea sana kuhusu dawa, tangi tupu halizungumzwi manake halina cha kununua wala cha kumwaga, ni kusubiri tu.

Kuchagua kopa bado naona kulikuwa sahihi kwa tulichokijua siku ile. Kama tungekuwa na hadubini, hata ile ya bei ya chini ya wanafunzi, tukakwangua ngozi kidogo tukaona Cryptocaryon peke yake, kitatange angeenda kwenye chumvi ya 1.009 na huenda angekuwa hai. Kwa mwenye vitatange hiyo ndo sababu ya kuwa na hadubini.

Kilichofeli ni kwamba karantini ilijengwa siku ya moto. Sponji inatakiwa iwe imekaa kwenye sampu (chombo cha filta kilicho chini) ya tangi kubwa wiki kadhaa kabla, imeshajaa bakteria, unaitoa siku unayoihitaji. Sasa hapa tangi kubwa lilikuwa na ugonjwa, sponji yoyote kutoka huko ingebeba vifuko, ingawa kwa kuwa samaki wale wale wagonjwa ndo waliokuwa wanaingia kwenye kopa isingedhuru sana, na kwa kweli ingekuwa bora kuliko ile mpya kavu. Mtu aliye na karantini ya kudumu, beseni dogo tu lenye sponji moja inayoishi kwenye sampu, hapati kabisa tatizo hili.

Kosa la maji yasiyo na kopa lilimgharimu siku, kuhesabu samaki kwa kukisia kulimgharimu wiki. Ukitoa samaki, yule ambaye mzoga wake hujauona yumo mpaka utakapothibitisha hayumo, weka mtego usiku kadhaa kabla hujaanza kuhesabu.

Kuna wanaosema haya yote ni mateso, mlishe samaki vizuri, weka taa ya UV, ishi na ugonjwa. Nawaelewa, na wako wenye matangi ya miaka ambayo yanaenda hivyo. UV inaua vitoto vinavyopita kwenye bomba lake, inapunguza idadi, basi, vinavyopasuka pembeni ya samaki aliyelala havipiti huko. Mfumo huo unadumu mpaka siku unapoongeza samaki mpya asiye na kinga, au umeme ukatike usiku joto lishuke. Kwa mtu anayetaka kangaja siuafiki.

Sasa hivi Mwenye Tangi anaweka kila samaki mpya karantini, ila hatukubaliani kitu kimoja. Yeye anampa kopa kila anayeingia hata akiwa mzima. Mimi kwa kitatange na samaki wengine dhaifu napendelea kuanza na maji yasiyo na chumvi dakika tano kuangalia minyoo, halafu kumtazama wiki nne hadi sita kwenye beseni, kopa ikiwa tayari kwenye rafu na amonia ikipimwa. Tunachokubaliana wote ni kwamba matumbawe na konokono wapya nao wanakaa siku 76 kwenye chombo kisicho na samaki, manake kifuko kinajibandika kwenye gamba la konokono vizuri tu kama kwenye jiwe, na huyo hakuna anayemkagua.